Rejista za Nchi Tatu

Asubuhi ziwa likiwa shwari, usipa, dagaa wa ziwa hili, ukiwa umeshaanikwa na mchanga wa Mbamba Bay ukianza kupata joto, mtu anaweza kusimama ufukweni akakumbuka kwamba amezungukwa na majirani wawili. Ng'ambo ya magharibi ni Malawi, na boti zinazovuka huko hutia nanga Nkhata Bay. Kusini, ukishaipita Chiwanda, ufuko ni ule ule, mitumbwi ni ile ile, ila serikali imebadilika: ni Msumbiji. Ziwa Nyasa lina nchi tatu tu zinazolizunguka, hakuna ya nne.

Naanza na jiografia hii kwa sababu maalumu. Mwaka 1991 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala iliyopima gharama za kutibu kifua kikuu cha mapafu katika nchi tatu za Afrika: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Miongoni mwa walioiandika alikuwamo Chum wa Tanzania, Nyangulu wa Malawi na Salomão wa Msumbiji. Hawakuliandikia ziwa, na sidhani kama kuna aliyeangalia ramani akatabasamu. Lakini mimi nikisoma majina hayo matatu huliona ziwa letu, na huona kwamba katika jambo moja kubwa la afya ya mapafu, nchi zinazochota maji ya bakuli hili moja ndizo zilizotoa ushahidi ulioufanya ulimwengu ubadili mwendo. Ushahidi wenyewe haukuwa dawa mpya. Ulikuwa ni rejista.

Tuanzie nyuma. Ugonjwa wenyewe ulijulikana pwani hii ya ziwa na katika milima ya Umatengo muda mrefu kabla ya rejista yoyote. Jina lake la Kiswahili linatosha kueleza jinsi watu walivyouogopa: si kikohozi, si mafua, ni kifua kikuu. Mtu hukohoa wiki na miezi, hutoka jasho usiku, hukonda mpaka nguo zinamvaa, na siku akitema damu jamaa hutazamana. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema kavunja mwiko. Alitengewa kikombe na sahani, na wakati mwingine alijengewa kibanda chake. Robert Koch alikuwa ametangaza Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemwona mdudu anayeuleta, kijiti chembamba cha kuonekana kwa hadubini tu. Habari hiyo ilichukua muda mrefu kufika kwenye vibanda hivyo, na ilipofika ilikuja mikono mitupu, maana kumjua mdudu si kumuua.

Tiba ya kizungu iliingia Nyasa kwa njia mbili, majini na nchi kavu. Majini walikuja Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma. Meli yao, Chauncy Maples, ilisafirishwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa tena huku na kushushwa ziwani mwaka 1901. Ilikuwa kanisa, shule na zahanati kwa pamoja. Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, ni mojawapo ya bandari ambako Waanglikana waliacha hospitali iliyodumu. Nchi kavu walikuja Wabenediktini, waliofungua Peramiho mwaka 1898 na baadaye wakapanda mpaka Litembo katika milima ya Mbinga. Katika wodi za misheni hizi wagonjwa wa kifua walipewa kilichokuwapo: kitanda, chakula, hewa safi na sala.

Wakati huo huo wakoloni walikuwa wakiufungulia ugonjwa milango mipya. Wilaya ya Songea, ambayo wakati huo iliijumuisha Mbinga yote na ufuko huu, ilihesabika kuwa ghala la nguvukazi. Wangoni na Wamatengo walitembea kwenda kukata mkonge Tanga ili wapate kodi ya kichwa. Wengine, kutoka sehemu mbalimbali za kuzunguka ziwa, waliandikishwa na Wenela, wakala wa migodi, kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Mashimo yale yana vumbi la mwamba wa kwazi. Vumbi hilo likikaa mapafuni huacha makovu yasiyofutika, ugonjwa unaoitwa silikosisi, na mapafu yenye makovu hayo humpokea mdudu wa kifua kikuu kama mgeni aliyetandikiwa mkeka. Kisha wachimbaji walilala kwenye mabweni yaliyosongamana. Mtu alirudi na sanduku, blanketi na kikohozi. Tanganyika ilipopata uhuru ilikomesha uandikishaji huo. Miaka mingi baadaye mahakama za Afrika Kusini zilipoidhinisha fidia kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu, hesabu ilianzia waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Watu wetu wengi walikuwa wameshatoka mashimoni kabla ya tarehe hiyo. Naiandika hapa kwa sababu inaniuma kuona mtu aliyeumia akikosa fidia kwa ajili ya mwaka alioandikwa.

Mwaka 1926 ilifunguliwa Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, hospitali ya kwanza nchini ya kifua kikuu. Kutoka Mbamba Bay kwenda huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mvuvi wa Lituhi au mkulima wa Tingi, Kibong'oto ilikuwa jina tu.

Dawa zenyewe zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Streptomaisini, ya sindano, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Isoniazidi, ya vidonge, ilianza kutumika mwaka 1952. Kisha thiasetazoni, ambayo ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata serikali maskini ingeweza kuinunua. Hapa Afrika ya Mashariki inaingia katika historia kwa mlango wa mbele, ingawa watoto wetu hawafundishwi hivyo shuleni. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Zambia, walizijaribu dawa hizi kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1972 walichapisha matokeo yaliyoshangaza: mgonjwa akiongezewa rifampisini anaweza kupona kwa miezi 6 badala ya mwaka mzima na nusu. Wagonjwa waliothibitisha jambo hilo walikuwa watu wa kwetu.

Lakini rifampisini ilikuwa ghali mno. Nchi zilizotoa wagonjwa wa utafiti ndizo zilizoshindwa kuinunua, na katika hospitali za kawaida dosi ya mwaka mmoja au zaidi ikaendelea. Kila muuguzi wa zamani anakijua kisa chake. Mgonjwa akimeza dawa wiki tatu, homa inakatika. Akimeza miezi miwili, anaongezeka uzito, anarudi majini au shambani. Ni nani atakayemshawishi mtu mwenye nguvu zake, mwenye wavu wa kutengeneza na kahawa ya kupalilia, atembee siku nzima kila mwezi kufuata vidonge vya ugonjwa asiousikia tena? Anaacha. Miezi kadhaa baadaye anarudi akikohoa, na safari hii mdudu ameshaizoea dawa. Daftari la hospitali lilionyesha siku aliyoingia na siku aliyotoka. Halikuonyesha kama alipona. Mganga mkuu wa wilaya angeweza kukwambia ametibu wagonjwa wangapi, ila ukimuuliza wangapi wako hai leo, hana la kujibu.

Mtu aliyelisimamia kidete swali hilo alikuwa Karel Styblo. Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Chekoslovakia. Akiwa kijana Wanazi walimfunga katika kambi ya mateso ya Mauthausen, na huko huko aliambukizwa kifua kikuu. Alitoka hai, akasoma udaktari, akautolea ugonjwa uliomtesa maisha yake yote. Katika wilaya ya Kolín, nchini kwao, alishiriki kazi kubwa ya kuwapiga watu picha za eksirei mara kwa mara ili kuwanasa wagonjwa mapema. Kazi hiyo ilimfundisha jambo asilolitarajia: wagonjwa wengi walio hatari kwa wenzao hujitokeza wenyewe, kati ya eksirei moja na nyingine, kwa sababu wanakohoa. Asiye na mashine ya eksirei, basi, hajakosa kila kitu. Akiwa na hadubini, kioo, rangi na mtu aliyefundishwa kuyasoma makohozi, ameshawapata wale wanaoambukiza. Baadaye Styblo alihamia Uholanzi, na huko alikadiria kwamba mgonjwa mmoja wa namna hiyo asipotibiwa huambukiza watu kama 10 kwa mwaka.

Chama alichokifanyia kazi kama mkurugenzi wa sayansi ni Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifua Kikuu, lililoundwa Paris mwaka 1920. Halikuwa shirika la serikali. Lilikuwa mkusanyiko wa vyama vya hiari vya nchi mbalimbali, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vikipata fedha kwa njia inayonigusa kila nikiifikiria. Mwaka 1903 karani mmoja wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alikuwa akipanga lundo la barua za Krismasi akawaza: ingekuwaje kila bahasha ibandikwe stempu moja ya ziada, ya senti chache, ya kuwasaidia wanaougua kifua kikuu? Stempu za Holbøll zikaenea Ulaya na Marekani. Vyama vilivyokua kwa senti hizo ndivyo vilivyobuni ndani ya Shirikisho mpango wa kusaidiana: wenye uwezo waishike mkono nchi isiyo nao, kwa miaka mingi mfululizo.

Nchi ya kwanza kushikwa mkono ilikuwa Tanzania. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Magonjwa hayo mawili yaliunganishwa kwa busara: wadudu wake ni ndugu, tiba zake zote ni ndefu, na yote mawili huwafanya watu wajifiche. Styblo alikuja, akazunguka, akarudi tena na tena. Hakupendekeza kujenga Kibong'oto nyingine. Tanzania ilikuwa imetoka kusogeza watu vijijini na kufungua zahanati na vituo vya afya mpaka pembezoni, na yeye alitaka matibabu yafuate nyayo hizo. Kila wilaya ikapata mratibu wake wa kifua kikuu na ukoma, kila mkoa wake. Fedha za Uswisi na Uholanzi, zikipitia Shirikisho, zilinunua dawa, hadubini, rangi za maabara, magari na pikipiki. Kwa Watanzania waliouendesha mpango huo, wakiwamo kina Dakta Chum, kazi kubwa ilikuwa kuwazoeza maelfu ya wafanyakazi kuandika kwa namna moja kutoka Mtwara hadi Kagera.

Na kuandika ndiko ninakotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu hulipita haraka wakikimbilia dawa.

Rejista ile ilikuwa kitabu kikubwa chenye safu nyingi. Mgonjwa alipewa namba, na namba hiyo hiyo iliandikwa kwenye kadi aliyokwenda nayo nyumbani na kwenye kadi iliyobaki kituoni. Makohozi yalisomwa kabla ya dawa. Yakasomwa tena baada ya miezi 2, kisha karibu na mwisho wa dosi. Safu ya mwisho ilikuwa ya matokeo, na majibu yake yalihesabika: amepona, amemaliza dawa, amekufa, dawa zimeshindwa, ameacha, amehama. Neno amepona halikuandikwa kwa kumtazama mtu alivyonenepa. Liliandikwa pale kioo kilipokuwa safi. Na kila robo mwaka mratibu alichukua kundi zima la walioandikishwa robo ile ile ya mwaka uliotangulia, akawahesabu mmoja mmoja kwa matokeo yao. Aliyeandikishwa hakuweza kuanguka nje ya hesabu. Kama hakupona, hakufa wala hakuhama, basi kuna mtu wa kupanda pikipiki kwenda kumtafuta.

Naomba msomaji aifikirie wilaya ya Mbinga ya wakati huo, kabla Nyasa haijawa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Kuna milima ya Umatengo yenye mashamba ya vishimo vya ngolo na baridi inayouma, kisha barabara inateremka kwa kona mpaka kwenye joto la ziwa. Lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay ni ya juzi tu. Enzi hizo ilikuwa udongo mwekundu, na masika yakikolea vijiji vingi vya ufukweni vilifikika kwa mtumbwi au kwa kungoja meli. Katika nchi ya namna hii, "ameacha dawa" inaweza kumaanisha mvua imekata barabara. Kwa hiyo kumfuata mtu mpaka safu ya mwisho, hapa, ni kazi ya miguu na makasia kabla haijawa kazi ya kalamu.

Kuanzia mwaka 1982 Tanzania iliingiza tiba ya muda mfupi, na namna ilivyoingizwa inaonyesha akili ya watu hawa. Dosi ilikuwa ya miezi 8. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa alipewa streptomaisini, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi kila siku, mbele ya macho ya mhudumu, mara nyingi akiwa amelazwa. Miezi 6 iliyobaki alikwenda nyumbani na vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni. Rifampisini, dawa ghali na yenye nguvu kuliko zote, haikuondoka hospitalini hata kidonge kimoja. Hivyo haikuuzwa sokoni, haikugawanywa kwa jamaa, haikumezwa nusu nusu mpaka mdudu akaizoea. Mgonjwa, kwa upande wake, alilipa kwa siku 60 za kitandani. Kwa mvuvi hizo ni giza mbili za mwezi, giza ambazo usipa huvuliwa kwa taa. Kwa mama ni watoto walioachwa kwa bibi yao. Sioni haki ya kuisifu tiba hii bila kuutaja mzigo huo.

Matokeo yalikuja taratibu, robo kwa robo. Katika tiba ya muda mfupi, karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa wakipona, katika nchi iliyokuwa ikipita miaka yake migumu kabisa ya uchumi, miaka ambayo sabuni ilikuwa ya foleni. Malawi ikaufuata mfumo huo. Msumbiji nayo ikaufuata, ikiwa katikati ya vita vilivyowatoa watu wake makwao na kuwavusha mto Ruvuma. Wakubwa wengi wa afya duniani walikuwa wakiamini kwamba rifampisini si ya nchi maskini. Wachumi walipoketi na rejista za nchi hizi tatu, wakagawanya gharama kwa idadi ya waliopona, picha iligeuka. Dawa ghali inayoponya kwa miezi 8 ilikuwa nafuu kuliko dawa rahisi inayoachwa njiani. Kila mwaka wa uhai uliookolewa uligharimu dola chache tu. Hiyo ndiyo makala ya Lancet ya 1991.

Benki ya Dunia iliitumia hoja hiyo katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993, ikiitaja tiba ya kifua kikuu miongoni mwa matumizi bora kabisa ya fedha za afya. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kifua kikuu ni dharura ya ulimwengu. Mfumo uliokomaa katika zahanati zetu ulipewa jina, DOTS, ukapelekwa China, India, Peru na kwingineko. Styblo alifariki mwaka 1998, baada ya kuyaona hayo.

Ila hapa nyumbani furaha haikudumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kinga ya mwili ikishaporomoka kifua kikuu huingia bila hodi. Waliokuwa wakiandikishwa Tanzania kwa mwaka walikuwa kama 12,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipita 60,000. Rejista zikajaa kabla ya wakati wake. Thiasetazoni, ile dawa ya maskini, ikageuka hatari: kwa wenye virusi ilibabua ngozi mpaka kuua, jambo lililothibitishwa na watafiti nchini Kenya, na ikabidi iondolewe. Baadaye Tanzania ilihamia dosi ya miezi 6 yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho, na mgonjwa akaruhusiwa kuchagua msimamizi wake wa dawa nyumbani, mke, mume, mtoto au jirani. Zile siku 60 za kitandani zikaisha. Kwa ufuko wetu, nadhani hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote.

Shirikisho nalo lilikuwa limeongeza maneno katika jina lake: na Magonjwa ya Mapafu. Waliona kwamba anayeketi na hadubini kusaka kifua kikuu hukutana kila siku na wanaokohoa kwa sababu nyingine, wenye pumu, wenye mapafu yaliyochakazwa na moshi, na zaidi ya wote watoto wenye nimonia, ile ambayo wazee wetu waliiita kichomi. Je, rejista iliyomfuata mvuvi miezi 8 ingeweza kumfuata mtoto wa miezi 8 kwa siku tano?

Jibu lilitafutwa ng'ambo ya pili ya ziwa. Kati ya mwaka 2000 na 2005, Shirikisho na Wizara ya Afya ya Malawi, kwa fedha za mfuko wa Gates, walipeleka mfumo ule ule katika wodi za watoto za hospitali za wilaya. Kila mtoto mwenye nimonia kali alipata kadi. Wauguzi walifundishwa kuhesabu pumzi na kutazama kifua kinavyobonyea. Dawa zilipelekwa kwa hesabu ili zisiishe. Matokeo ya kila mtoto yaliandikwa, na kila mwezi yalijumlishwa. Waliweka pia mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani, mahali ambapo mitungi ilikuwa ikisubiriwa kutoka mbali. Mwanzoni, kati ya kila watoto 100 wenye nimonia kali waliolazwa, karibu 19 walikufa. Mwishoni, karibu 8. Wanane bado ni wengi. Lakini yeyote aliyewahi kukesha wodini, akimsikiliza mtoto anavyovuta pumzi kwa mbavu, anajua tofauti hiyo ina majina.

Kuzuia kumeonekana kugumu kuliko kutibu. Jikoni kwetu, hasa milimani, moto wa kuni juu ya mafiga hauzimwi kwa sababu ndio pia unaopasha nyumba joto, na bibi zetu wamekohoa juu yake maisha yao yote. Ufukweni kuna moshi wa kubanika samaki. Ilionekana jambo la wazi kwamba jiko bora lingeokoa mapafu ya watoto. Malawi ikajaribu tena, safari hii na watafiti wa Liverpool, huko Chikwawa na huko Karonga, upande wa kaskazini wa ziwa letu. Watoto zaidi ya 10,000 walifuatiliwa. Nusu ya vijiji vilipewa majiko yanayounguza kuni vizuri zaidi. Majibu yalitoka mwaka 2017: majeraha ya moto yalipungua, nimonia haikupungua. Moshi ulikuwa unatoka kwingine pia, kwenye takataka zinazochomwa, kwenye taa, kwenye tumbaku, kwa jirani. Nawaheshimu sana watu waliochapisha jibu hilo bila kulipaka rangi. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na somo la Karonga lingefaa kusomwa kando ya mkakati huo. Mbinga sasa ina vumbi jingine, la makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu mwaka 2011. Watafiti waliopima hewa katika mgodi wa makaa wa Kiwira walikuta wachimbaji wa njia mpya ndani ya mwamba wakivuta vumbi la kwazi kwa wingi, lile lile lililowarudisha watu wa Wenela wakikohoa.

Siku hizi makohozi husomwa na mashine ya vinasaba kwa saa mbili hivi, na Morogoro shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa sampuli ambazo hadubini imezipita. Takwimu huingizwa kwenye kompyuta. Ila safu ya mwisho ni ile ile, na katika ufuko huu jibu linalonisumbua zaidi si "amekufa" wala "ameacha". Ni "amehama".

Kwa mratibu wa Iringa, aliyehama amekwenda wilaya nyingine, na kuna fomu ya kumfuata. Mvuvi wa Mbamba Bay akihama anaweza kuwa Nkhata Bay kwa shemeji yake, au Likoma, au kambi ya wavuvi upande wa Msumbiji, ambako lugha yake ya nyumbani inasikika na mitumbwi inafanana. Amebeba kadi yenye namba ya Tanzania na vidonge vya wiki mbili. Atakapofika kwenye zahanati ya huko ataandikishwa kuwa mgonjwa mpya, kwa Kiingereza au kwa Kireno, au hataandikishwa kabisa. Nchi tatu zilizoufundisha ulimwengu kumfuata kila mgonjwa mpaka mwisho zina rejista tatu, na katikati ya rejista hizo kuna maji. Mwisho wa robo mwaka mratibu hufungua kundi la mwaka uliopita, hushuka na kidole chake mpaka kwenye namba ya mvuvi yule, na hupiga simu kwa mtu anayefahamiana naye ng'ambo, kumuuliza kama amemwona.